Aliyepika Sabuni Akaandikwa Mfagiaji

Mimi nilikwisha sema sitaki. Karani wa kiwanda alikuja mlangoni kwangu mara ya kwanza, nikamwambia sina miwani. Akaja mara ya pili na miwani ya mama yake. Mara ya tatu akaja na karatasi za mistari na kalamu mbili, akaniambia, "Bibi, kiwanda kinatimiza miaka arobaini, tunatoa kitabu. Tuandikie ukurasa mmoja tu kuhusu marehemu wifi yako. Maneno mazuri."

Maneno mazuri! Shule mimi nilisoma mpaka nikajua kuandika jina langu na majina ya walionikosea, basi, nikarudi nyumbani. Kuandika kwangu ni kama kupasua kuni, neno moja nahema. Lakini wamenichokoza wenyewe. Wanataka maneno mazuri juu ya mtu waliyemfanyia ubaya, tena kwa ukurasa mmoja. Watapata kurasa nitakazotaka mimi, na mtu asiniguse hata nukta.

Kabla sijaanza, jueni hili. Ndani ya habari hii yumo wifi yake, mwanamke aliyekuwa akifunga sabuni kwenye makaratasi. Huyo ni mimi. Nitamwita wifi tu, kwa sababu habari si yangu, na kwa sababu kuna mahali huyo wifi alifanya jambo ambalo mkono wangu unakataa kuliandika kwa "mimi".

Basi. Pale kiwandani walimwita Mama Ulimi. Watu wa nje walidhani ni kwa umbea. Umbea ungetoka wapi? Kumtoa neno yule ilikuwa kazi kama kufungua kifuniko kilichoshika kutu. Ulimi ulikuwa chombo chake cha kazi, kama nyundo ya fundi, na nitaeleza.

Aliingia kiwandani na ufagio mkononi, mumewe hana hata mwaka kaburini, watoto wawili nyuma yake. Wakamwandika mfagiaji wa chumba cha sufuria. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, mabati yake yamepigwa weusi na mvuke, na katikati sufuria moja ya chuma ambayo watu sita wangeweza kuoga ndani yake wasigusane. Chini mabomba ya mvuke yalikohoa mchana kutwa. Mpishi wa siku hizo alikuwa mzee mmoja mwenye masikio makubwa na maneno machache. Masikio makubwa, lakini yalikuwa yameanza kufa, na mzee alilificha hilo kama mtu anavyoficha kiraka.

Siku moja Mama Ulimi anafagia, akasimama ghafla. Akasema, "Mzee, sufuria imebadilisha sauti."

"Imebadilisha nini?"

"Ilikuwa inakoroma. Sasa inanong'ona."

Mzee akachungulia. Povu lilikuwa limebakiza kiganja kimoja lifike mdomoni mwa sufuria, na sabuni ya moto ikifurika inachuna mtu ngozi kama ndizi. Akafunga mvuke, akamwaga ndoo mbili za maji baridi ya chumvi, povu likashuka kwa kunung'unika. Kisha akamwangalia yule mwanamke kutoka kichwani hadi miguuni.

"Weka ufagio chini," akasema. "Shika mwiko."

Alimfundisha miaka saba. Msidhani sabuni ni kuchanganya tu mafuta na kostiki, yale magadi makali, halafu unakoroga ukiimba. Mafuta ya pipa jipya yanakunywa kostiki kama mtu aliyetoka juani. Ya pipa lililokaa hadi likaanza kunuka yanakunywa kidogo, ukiyalazimisha yanakutapikia. Maji ya kiangazi yana chumvi yake ndani, ya masika hayana, kwa hiyo na chumvi unayomwaga ili sabuni ijitenge haiwezi kuwa ile ile mwaka mzima. Hayo yote utayajuaje? Unachota kidogo kwenye ncha ya kijiti, unapuliza hadi kipoe, unakigusisha ulimi. Kikiuma kama siafu, kostiki bado iko huru, pika tena. Kisipouma lakini kikaacha utelezi wa mafuta, sufuria ina njaa, iongeze kostiki. Kikiwa na ladha ya sabuni tu, bila uchokozi, imeiva.

Mzee alipostaafu alimwachia mwiko wake wa mti mgumu, mrefu kuliko yeye mwenyewe, mpini wake umelika kwa viganja hadi ukawa na kiuno. Kuanzia siku hiyo haikutoka sufuria isiyopita kwenye ulimi wa mwanamke yule. Miaka ishirini na miwili. Mkifua mashati yenu yakatoka meupe, na mikono yenu ikabaki na ngozi, ilikuwa ni yeye.

Na kwenye jalada? Mfagiaji. Kila mwaka ulipoanza alikwenda ofisini, akasimama mbele ya karani wa daftari. Si huyu aliyeniletea miwani, mwingine, mwenye kitambi na haraka nyingi.

"Karani, mimi kwenye jalada mmeniandika nani?"

"Bado mfagiaji, mama. Ni jina tu hilo. Tutabadilisha."

"Lini?"

"Mama na wewe! Kwani sufuria inasoma jalada?"

Wanacheka ofisi nzima, na yeye anarudi kupika. Hakucheka hata mara moja. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, watoto wake wakiulizwa mama yenu ni nani, wajibu, na karatasi iwaunge mkono.

Karani huyo huyo ndiye aliyekuwa akijaza daftari la mapishi. Ukutani kulibandikwa kipimo cha tangu kiwanda kinafunguliwa: kostiki ndoo nne, chumvi ndoo mbili, saa tatu motoni. Mama Ulimi akimaliza sufuria alikuwa akimwambia, "Leo nimeweka kostiki ndoo tatu na nusu, chumvi mbili na kopo, saa nne kasoro."

Karani anaandika: nne, mbili, tatu.

"Mbona sivyo nilivyosema?"

"Wakaguzi wanapenda zifanane, mama. Zisipofanana ni maswali, na maswali nayajibu mimi, si wewe."

Basi zikafanana. Miaka ishirini na miwili, kurasa kwa kurasa, nne, mbili, tatu. Kiwanda kikawa na makabati mawili yaliyojaa habari za sabuni ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipika. Na Mama Ulimi asiyejua kusoma alikuwa akiweka dole gumba chini ya kila ukurasa, kushuhudia uongo.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya. Sisi tulimpa jina la Bwana Cheti kabla hajamaliza wiki. Alikuwa na viatu vya kahawia vinavyong'aa hadi unaona meno yako, na alituita mmoja mmoja kwenye meza yake.

"Wewe mama, kazi yako ni ipi?"

"Napika sabuni."

Akafunua jalada. "Hapa panasema unafagia."

"Nafagia pia. Nikimaliza kupika."

Akacheka puani. "Mapishi ya hapa yameandikwa vizuri sana, nimeyaona, hayajabadilika hata siku moja. Kinachotakiwa ni mtu mwenye cheti wa kuyafuata. Na wafagiaji tunao watatu. Nenda kapumzike, mama, umri umekwenda."

Mama Ulimi hakulia, hakuomba. Akasema, "Nitakwenda. Niandikie barua kwamba nilikuwa mpishi."

"Siwezi kuandika kitu ambacho hakimo kwenye jalada."

"Jalada mmeliandika ninyi."

"Mama, kuna foleni nje."

Alirudi chumba cha sufuria, akachukua mwiko, akauweka begani, akavuka uwanja wa kiwanda mchana kweupe. Mlinzi wa geti alijitia anatafuta funguo chini ya kiti hadi alipopita.

Mahali pake akaletwa mhandisi kijana, mwenye cheti kwenye fremu na chombo cha kupimia cha kioo. Simsemi vibaya huyo, alikuwa mchapakazi. Alifungua daftari, akafuata kila ndoo kama mtu anayefuata dua. Wiki tatu mambo yakaenda, mafuta yalikuwa mapya na jua linawaka. Bwana Cheti akapita kwenye meza za kufungia, mikono nyuma, akisema, "Mnaona? Utaratibu!"

Halafu masika yakaanza, na mapipa mapya yakaisha.

Sabuni ikaanza kutoa jasho. Mche unaufunga mkavu, asubuhi unaukuta umelia, karatasi imeloa, juu yake pameota unga mweupe kama ukungu. Unga ule ni kostiki. Wafungaji wakababuka vidole. Wifi yake, aliyekuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye meza ile, alikwenda nyumbani hawezi kushika kijiko. Wafuaji mitaani wakarudisha sabuni dukani, mmoja akairusha kabisa, ikampata mwenye duka kwenye paji la uso. Wenye maduka wakarudisha makatoni kiwandani. Makatoni yakajaa ghala, yakajaa ukumbi, yakafika mlango wa choo. Kwenye rafu za maduka ikakaa sabuni ya watu wengine. Sisi tuliobaki, watu sitini, tukaambiwa tuje kazini siku tatu kwa wiki, kisha mbili.

Mhandisi akasafisha chombo chake, akakibadilisha, akakiazima kingine. Akarudi kwenye daftari. Nne, mbili, tatu. "Haiwezekani," akawa anasema peke yake. "Miaka ishirini na miwili!"

Jumamosi moja akaenda nyumbani kwa Mama Ulimi na mche wa sabuni ndani ya gazeti. Akamkuta uani na wifi yake, wanafua. Wanafua, naomba msome vizuri, kwa sabuni ya kiwanda kingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewababua watu?"

Kijana akafungua gazeti. Akamkabidhi mche. Mama Ulimi akaufuta unga, akakwangua kwa ukucha, akagusisha ulimi, akatema mbali.

"Kostiki imezidi nusu ndoo. Chumvi haitoshi. Na mafuta ni ya mapipa yale ya nyuma ya ghala, yaliyoegemea ukuta. Uongo?"

"Mama... umejuaje ukuta?"

"Yana ladha ya ukuta."

"Lakini mimi nimefuata daftari lako! Kila kitu!"

"Langu? Mimi daftari nilitoa wapi?"

"Lina dole gumba lako."

"Dole ni langu. Maneno ni ya karani." Akamweleza yote, bila kupandisha sauti, huku anakamua shuka. Kijana akakaa kwenye ngazi. Watu waliosoma wakigundua karatasi imewadanganya, huruma utawaonea.

"Rudi, mama," akasema mwishowe. "Nakuomba."

"Barua kwanza. Mpishi mkuu wa sabuni. Sahihi na muhuri."

Kijana akaenda, akarudi Jumatatu macho chini. Bwana Cheti amesema mama aje kwanza, barua atapewa mwisho wa mwezi.

"Basi na sabuni itaiva mwisho wa mwezi," akasema Mama Ulimi, akafunga mlango.

Hapa ndipo wifi alipofanya lile jambo. Alisukuma mlango ule, akaingia, akamwonyesha vidole vilivyobabuka.

"Wifi, watu sitini wanakaa na njaa kwa ajili ya neno moja!"

"Hilo hilo neno moja. Limewashinda nini kuliandika?"

"Kiburi hicho! Neno linaliwa? Linavaliwa?"

"Wewe kwenye jalada umeandikwa nani?"

"Mfungaji."

"Na unafanya nini?"

"Nafunga."

"Basi huwezi kujua." Akamgeuzia kisogo. Akaangalia mwiko uliosimama kwenye kona. Alikuwa anaona waziwazi kwamba akienda bila barua, barua hataiona. Alijua kama alivyojua sabuni. Lakini wifi alikuwa ameshaanza kulia, tena kilio cha kusikika kwa majirani, na kaka yake wifi ndiye aliyekuwa mume wa yule mwanamke, na wifi akataja jina la marehemu. Ndiyo. Alilitaja. Akasema, "Kaka yangu angekuwepo asingekubali."

Mama Ulimi akauchukua mwiko. "Nakwenda kwa ajili yenu," akasema. "Na siku nikitukanwa, na wewe uwepo usikie."

Akapika. Mhandisi akakaa pembeni na daftari jipya, safari hii anaandika kinachofanyika. Alipoambiwa aonje, alionja kabla hakijapoa, akaruka kama mbuzi, siku mbili akala uji. "Puliza kwanza, mwanangu, cheti hakipulizi," akaambiwa. Tukacheka, na Mungu anajua tulikuwa hatujacheka kwa miezi. Wiki ya kwanza sabuni ikaacha kulia. Wiki ya pili unga ukaisha. Wiki ya nne malori yalipanga foleni hadi nje ya geti, na sisi sitini tukarudi kazini siku zote sita. Bwana Cheti akaleta wageni wenye tai, akawapitisha karibu na sufuria, akasema kwa sauti, "Huu ndio utaratibu wetu mpya." Mama Ulimi alikuwa hatua mbili kutoka pale, mwiko mkononi. Wageni wakampita kama nguzo.

Mwisho wa mwezi bahasha ikaja, imeletwa na tarishi, ina muhuri mwekundu. Mama Ulimi akaifuta mikono mara mbili kabla ya kuifungua. Ndani palikuwa na karatasi nzito yenye maua pembeni. Akampelekea wifi yake kwenye meza ya kufungia.

"Nisomee."

Wifi alisoma kama anavyosoma, kwa kidole. "Che-ti cha shu-kra-ni. Kina... kinatolewa kwa..." Akafika mstari wa tatu, kidole kikasimama.

"Soma."

"Macho yangu leo, wifi..."

"Soma!"

"M-fa-gi-a-ji," akasoma. "Mfagiaji, kwa kujituma kwake."

Mikono kumi na minne ikasimama juu ya sabuni. Mama Ulimi akakunja ile karatasi mara nne, taratibu, akaitia kifuani. Akarudi chumba cha sufuria. Sufuria ilikuwa katikati ya mapishi, mvuke umefunguliwa. Akauegemeza mwiko ukutani, akachukua ufagio.

Akafagia. Nyie, alifagia! Alianzia mlangoni, akatoa vumbi la chini ya mabomba ambalo halijaguswa tangu enzi za mzee. Sufuria ilikuwa inakoroma. Akafagia nyuma ya mapipa. Sufuria ikaanza kunong'ona. Masikio yake yalisikia, mgongo wake ulisikia, kila mfupa ulimwambia geuka, na yeye akainama zaidi, akafagia kona.

Mhandisi alikuwa ghalani anakagua mafuta. Aliporudi akapiga ukelele. "Mama! Povu!"

"Naona vumbi tu, mwanangu. Ndilo nililoandikiwa. Kaeni mbali na sufuria nyote, asiungue mtu. Na huo mvuke ufunge mwenye cheti."

Mhandisi akaufunga, lakini amechelewa, sufuria ile ikishapata hasira haishuki kwa mvuke peke yake. Povu likapita mdomo, likaanza kushuka ubavuni, zito, la manjano, likatambaa sakafuni kuelekea mlango. Watu wakajaa nje. Bwana Cheti akaja mbio, akasimama kizingitini, povu likamfikia viatu vile vya kahawia, akaruka nyuma.

"Mama, fanya kitu!"

"Mwiteni mpishi."

"Wewe ndiye mpishi!"

Chumba kizima kilisikia. Mlinzi wa geti alisikia. Mama Ulimi akasimama wima, ufagio mkononi.

"Mimi nani?"

"Mpishi! Mpishi, mama, mpishi!"

Akaweka ufagio chini. Akachukua ndoo za maji ya chumvi alizokuwa amezipanga mwenyewe asubuhi, akamwaga moja, akasikiliza, akamwaga ya pili, akakoroga mara tatu kwa mwiko. Povu likashuka. Akachota, akapuliza, akagusisha ulimi. "Imepona," akasema.

Mkadhani barua ilikuja? Haikuja. Viatu vilikauka na maneno yakakauka. Aliyeandika ni mhandisi peke yake: kwenye daftari lake, kila sufuria, mstari wa juu, kwa wino, aliandika neno mpishi, kisha jina la yule mwanamke kamili. Miaka minne aliandika hivyo, hadi Mama Ulimi alipoacha kazi kwa ugonjwa wa kifua. Mwaka jana tumemzika. Daftari lile ndilo linalopika sabuni yenu leo, pamoja na ulimi wa kijana mwingine aliyefundishwa na Mama Ulimi, na Bwana Cheti amepandishwa cheo kwa ajili ya sabuni hiyo.

Na kitabu hiki cha miaka arobaini, mhandisi ameninong'oneza, picha ya Mama Ulimi imo. Chini ya picha wameandika "mfagiaji wetu mwaminifu". Halafu wanataka na mwiko, wauweke kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Mwiko uko chini ya kitanda changu. Niliwahi kumtoa mtu nyumbani kwake bila barua, sitautoa mwiko wake bila barua. Na habari hii ichapwe yote, la sivyo na picha yake waitoe, nina haki nayo.

Sasa wewe unayesoma, usijifanye hayakuhusu. Sabuni yake umeioga. Fungua penye picha yake. Chukua kalamu, kata neno hilo, ukate kwa nguvu hadi karatasi ichanike kidogo, uandike juu yake: mpishi mkuu wa sabuni. Usigeuze ukurasa kabla hujaandika. Ukimaliza, kilete kitabu chako mlangoni kwangu nikione. Nitasoma kwa kidole, herufi moja moja, na ole wako nikute hujakata.